Wasomaji Wauliza: Zawadi za Shaba na Fedha kwa Mkono wa Anayeanza

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya bangili za shaba zilizofuliwa nyumbani, na tangu hapo barua nyingi zinazotufikia zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu asiye fundi, asiye na karakana, anawezaje kutengeneza pambo ambalo hataona haya kumpa mwenzake? Tumechagua barua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha, nazo baadhi ya barua tumezifupisha.

Swali. Shikamoo fundi. Mimi ni karani, na sijawahi kushika nyundo isipokuwa kupigilia msumari wa kalenda. Mdogo wangu anaolewa mwezi Desemba, nami natamani kumtengenezea hereni na bangili kwa mikono yangu mwenyewe. Nina meza ya jikoni na kibaraza tu. Je, ni lazima ninunue mtungi wa gesi na lehemu? Nianze na nini? (Msomaji, Tanga)

Jibu. Marahaba, binti yangu. Mtungi wa gesi uache dukani kwa sasa. Wengi wanaotamani ufundi huu huanza na moto kwa sababu ndio unaovutia macho, kisha hukata tamaa baada ya kuunguza vipande vichache, ilhali sehemu kubwa ya mapambo ya mkono, yakiwemo hayo unayoyataka wewe, hukatwa, hufuliwa na kuunganishwa yakiwa baridi. Tena anayejifunza kuunganisha bila moto hulazimika kukata kwa usahihi, kwa kuwa hana lehemu ya kuziba pengo alilolikosea.

Malighafi yako ya kwanza ni shaba nyekundu iliyomo ndani ya nyaya za umeme wa nyumbani, ambayo fundi umeme yeyote hubakiwa na vipande vyake. Tafuta waya wenye uzi mmoja mnene, si ule wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa milimita 1.5 za mraba una kipenyo cha karibu milimita 1.4, unaofaa hereni na vipete vya kuunganishia. Ule wa milimita 2.5 za mraba unakaribia kipenyo cha milimita 1.8, nao unafaa bangili. Ganda la plastiki lipasue kwa kisu kwa urefu wake na kulivua, wala usilichome moto kama wafanyavyo baadhi ya wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa maana moshi wa plastiki ile ni sumu na masizi yake huing'ang'ania shaba. Kisha unyooshe waya: ncha moja ifungwe kwenye jiriwa au nondo imara ya dirisha, ya pili ishikwe kwa koleo, uvute kwa nguvu moja hadi uhisi waya umerefuka kidogo mkononi. Hapo umenyooka, na umekuwa mgumu kiasi cha kushika umbo.

Vyombo vyako ni makoleo mawili, moja lenye ncha za mviringo na jingine lenye ncha bapa, mkasi wa kukatia waya, nyundo ndogo yenye kichwa kimoja bapa na kingine cha mviringo, tupa laini, karatasi za msasa za namba 400, 600 na 1000, pamoja na miwani ya kukinga macho, ambayo huvaliwa kila unapokata waya, kwa kuwa kipande kilichokatwa huruka pasipo kuangalia kinakoelekea. Fuawe, yaani chuma unachofulia juu yake, si lazima iwe ya dukani. Pasi kuukuu ya chuma iliyogeuzwa juu chini inatosha kabisa, na hakuna haja ya kutafuta kipande cha reli, ambacho muuzaji wake kwa kawaida hapendi kuulizwa kilikotoka.

Kwa hereni, kata vipande viwili vya sentimita 6. Ncha ya chini ya kila kimoja ipige juu ya fuawe kwa mapigo mepesi yanayofuatana, nyundo ikishuka wima, hadi ipanuke kuwa jani jembamba. Ncha ya juu izungushe kwa koleo la mviringo iwe kitanzi kilichofumba. Ndoano inayoingia sikioni usiitengeneze kwa shaba, bali nunua iliyo tayari, ya fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1000) au ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu shaba tupu ndani ya tundu la sikio huleta mwasho kwa watu wengi.

Jani na ndoano huunganishwa kwa kipete, na hapa ndipo kazi ya anayeanza hujulikana. Zungusha waya juu ya msumari mnene, mizunguko ikigusana, kisha ukate mzunguko mmoja mmoja. Kipete hakifunguliwi kwa kutanuliwa, kwa maana kikitanuliwa hakirudi tena kuwa duara. Kishike kwa makoleo mawili, sukuma ncha moja mbele na nyingine uivute nyuma, ingiza vitu vyako, kisha zirudishe ncha huku ukizipitisha mbele na nyuma mara mbili tatu mpaka uzisikie zikikwaruzana. Mkwaruzo huo ndio unaokuambia kwamba zimekutana. Ukiinua hereni kwenye mwanga na bado unaona pengo, uzi wa mtandio utaliona kabla ya bibi harusi.

Kwa bangili, kunja waya wa pili katikati, uingize ncha zake mbili kwenye kinywa cha keekee ya mkono, kitanzi kikishikwa na msumari, uzungushe taratibu hadi usokotane sawasawa. Pima kifundo cha mkono wa mdogo wako, upunguze kama sentimita 2 na nusu za uwazi wa kuivalia. Shaba ikipigwa na kukunjwa mara nyingi huwa ngumu na mwishowe hupasuka. Ukihisi inaanza kukataa, iweke juu ya mkaa uliokolea jikoni, mahali penye kivuli, hadi iwe nyekundu iliyofifia, kisha uichovye majini. Chuma cha pua hugeuka kigumu kwa kitendo hicho, lakini shaba hulainika. Huo ndio moto pekee utakaouhitaji. Weusi utakaobaki utoe kwa kuloweka katika siki yenye chumvi au maji ya ndimu, usuuze vizuri, kisha usugue kwa ukwaju kama unavyosuguliwa upatu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kingo. Zawadi hii italala juu ya ngozi ya mtu siku nzima. Ukimaliza msasa, pitisha kila ukingo na kila ncha juu ya kanga laini. Ikishika uzi hata mmoja, irudishe kwenye tupa, hata kama ndugu wameshakaa kwenye gari wanakusubiri.

Swali. Nilimtengenezea mume wangu pete ya shaba, na kila jioni kidole chake kina rangi ya kijani. Anaivaa kwa heshima yangu tu. Je, ni sumu? (Msomaji, Morogoro)

Jibu. Si sumu. Shaba ikikutana na jasho na chumvi ya ngozi hutoa chumvi zake za kijani, nazo hutoka kwa sabuni na maji. Upande wa ndani wa pete usugue kwa msasa wa namba 1000 hadi ung'ae, uukaushe kabisa, kisha upake nta ya nyuki au vanishi ya kucha isiyo na rangi, ukijua kwamba itabidi kurudia kila inapochakaa. Kama pamoja na rangi kuna mwasho na vipele, basi huenda metali hiyo ina nikeli ndani yake, na hapo dawa ni kuivua. Mwambie pia aivue anapoosha vyombo. Wanaume wengine wataipokea habari hiyo vibaya.

Swali. Fundi, salamu kutoka Nairobi. Mimi na rafiki yangu tunanunua koki za maji na kufuli mbovu, tunaziyeyusha uani kwa mkaa na kipulizio, tunamimina shaba ya njano kwenye mchanga na kuchonga hereni. Jioni baada ya kuyeyusha tulishikwa na baridi kali, homa na kikohozi, tukadhani ni malaria, lakini keshokutwa tulikuwa wazima. Mzee mmoja wa jua kali alituambia tuwe tunakunywa maziwa kabla ya kazi. Je, inatosha? (Vijana wawili, Nairobi)

Jibu. Haitoshi, wala maziwa hayahusiki. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Huyeyuka karibu na nyuzi 900 hadi 940 za sentigredi, na zinki yenyewe huchemka kwenye nyuzi 907, hivyo mnapofikia joto la kumimina, zinki inakuwa tayari inatoka kwa mvuke unaogeuka hewani kuwa moshi mweupe. Moshi huo ukivutwa huleta homa inayoanza saa kadhaa baada ya kazi, ikiwa na baridi, maumivu ya viungo, ladha ya chuma mdomoni na kikohozi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu huja usiku na kuondoka yenyewe, wengi huichukulia kama malaria na kumeza dawa isiyohusika. Maziwa huingia tumboni. Moshi umeingia mapafuni. Kipimo cha malaria kifanywe vilevile, kwani mbu hawaachi kazi kwa sababu mnayeyusha shaba, na mmoja wenu akibanwa kifua au kupumua kwa shida asisubiri kupona mwenyewe, aende hospitali.

Siwaambii muache. Kazi ya kugeuza koki na kufuli kuwa mapambo imewalea mafundi wengi katika karakana za Kibera, na hereni zao zinauzwa mbali na Kenya. Ninachowaambia ni kwamba kuyeyusha si kazi ya anayeanza, na si kazi ya uani palipozungukwa na kuta na watoto. Pelekeni shaba yenu kwa fundi mwenye tanuri lililo mahali pa wazi, mumlipe awamiminie vipande bapa, kisha ninyi mfanye kukata, kuchonga na kung'arisha, sehemu ambayo ndiyo inayompa mnunuzi sababu ya kulipa. Mkikaa kwake kwa muda mtajifunza pia namna anavyosimama upande upepo unakotoka, na jinsi anavyokausha kalibu yake, yaani umbo la kumiminia, maana tone la maji chini ya shaba iliyoyeyuka hurusha shaba yote usoni.

Kuna mawili zaidi. Koki zilizopakwa rangi nyeupe inayong'aa zina nikeli na kromu juu yake, hivyo zitengeni. Halafu shaba ya koki aghalabu huwekewa madini ya risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi, kwa hiyo vumbi la tupa lisifagiliwe likiwa kavu, mikono ioshwe kabla ya kula, na kitu chochote kitakachovaliwa na mtoto anayetia vitu mdomoni kisitokane na koki. Mabati yaliyopakwa zinki msiyapashe moto kabisa, hata kwa sababu ya kulehemu kipande kidogo.

Swali. Mimi ni mwalimu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya vitu vidogo: funguo za zamani, magurudumu ya saa mbovu, vipande vya sahani za kauri, vifungo, na senti kumi za wakati wa ukoloni zenye tundu katikati. Nataka kuviunganisha viwe vidani vya kuwapa wanafunzi wanaohitimu. Gundi ya haraka hubanduka baada ya wiki chache, na hata isipobanduka, kidani chenyewe kinaonekana kama jalala dogo. Nakosea wapi? (Mwalimu, Mombasa)

Jibu. Mwalimu, maswali yako ni mawili na jibu lake ni moja. Gundi inakuruhusu kuweka kitu chochote juu ya chochote bila kufikiri, ndiyo maana kazi inabanduka na ndiyo maana inaonekana imerundikwa. Jiwekee sharti kwamba kila kitu kishikwe na metali, ama kwa ribiti (kipini kinachopondwa ncha zote mbili), ama kwa kucha, ama kwa waya, na utaona kwamba vitu vinaanza kupungua vyenyewe, kwa kuwa kila kimoja kitakudai sababu ya kukitobolea tundu.

Bara letu lina mifano mikubwa ya jambo hili. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi huko Nsukka, Nigeria, ametengeneza mapazia makubwa ya ukutani kwa vizibo vya chupa za pombe vilivyopondwa na kushonwa kwa waya wa shaba, na waya huo huo ndio unaoyafanya yakunjike na kuning'inia mithili ya nguo. Huko Nairobi, Cyrus Kabiru amejulikana kwa miwani anayoiunda kwa vyuma na vitu vilivyotupwa. Lakini kwako jirani zaidi ni masonara wa Lamu, ambao hutengeneza pete za fedha zilizobeba vipande vya kauri ya Kichina ya zamani, kila kipande kikizungukwa na ukingo wa fedha uliokunjwa juu yake. Tazama pete hizo kwa karibu: kipande ni kimoja, fedha ni tulivu, na maua ya buluu ndiyo yanayosema.

Kwa hiyo chagua kitu kimoja kiwe mwenye nyumba. Senti kumi inafaa sana, kwa kuwa ina pembe za ndovu zilizokumbatia tundu lake na tundu lenyewe limekutangulia. Kikubwa ni kutoichubua rangi yake ya kahawia iliyochukua miaka mingi kujitengeneza. Chini yake weka bamba la shaba nyekundu la unene wa milimita 0.8, lililokatwa kubwa kidogo kuliko senti ili ukingo wake uonekane pande zote. Juu yake weka gurudumu moja la saa, si matano. Metali zisizidi rangi mbili. Kisha zifunge zote tatu kwa ribiti moja inayopita katikati, kwa sharti kwamba gurudumu lifunike tundu la senti na tundu la gurudumu liwe dogo.

Ribiti utaitengeneza kwa ule waya wa umeme niliomweleza binti wa Tanga. Toboa bamba kwa ncha ya keekee ya milimita 1.4 au 1.5, baada ya kupatia alama kwa msumari mkali ili ncha isitelezeteleze. Waya uingie kwa kubana. Ukiingia kwa uhuru utapinda chini ya nyundo. Acha ubaki nje kidogo kila upande, kiasi cha nusu ya unene wake, wala usizidi milimita moja. Simamisha kazi juu ya fuawe na upige kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, si katikati ya waya bali pembezoni mwake kwa kuzunguka, mapigo madogo madogo, hadi kichwa cha uyoga kijitokeze. Geuza, ufanye upande wa pili, urudi tena wa kwanza. Anayepiga kwa nguvu mara moja huvunja gurudumu la saa na kubaki na ribiti iliyolala kando.

Kauri usijaribu kuitoboa. Kata kwenye bamba umbo lenye kucha nne, weka kipande katikati, uzikunje kucha juu yake kwa kusukuma zinazotazamana kwa zamu, ili kipande kisihame. Kingo zake zenye ukali zisuguliwe kwa msasa wa maji zikiwa zimelowa, kwani vumbi la kauri kavu linaharibu mapafu. Naomba pia vipande hivyo vitoke kwenye sahani zilizovunjika nyumbani. Vilivyomo katika magofu ya kale ya Pwani ni mali ya urithi inayolindwa na sheria, ambayo kwa Kenya ni ile ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho ya taifa na urithi, na mwanafunzi hapaswi kupewa zawadi ya kuhitimu iliyochimbuliwa gofuni. Magamba ya ng'amba na pembe za ndovu halisi hata tusiyajadili.

Swali. Assalaam alaykum. Marehemu bibi yetu, mzaliwa wa Unguja, alituachia furungu, yaani bangili za mguuni, mbili nzito za fedha. Moja imekatika kipini cha bawaba yake. Nimeanza kujifunza kufua fedha hapa Maskati, na nina wajukuu watatu. Nafikiri niziyeyushe nitengeneze pete tatu ili kila mmoja apate sehemu ya bibi. Je, nitumie lehemu gani? (Msomaji, Maskati)

Jibu. Wa alaykumu salaam, dada yangu. Usitumie lehemu yoyote, na nakusihi usiziyeyushe. Masonara wa zamani wa Pwani na wa Oman walipata sehemu kubwa ya fedha yao kwa kuyeyusha sarafu za fedha zinazoitwa reale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, ambazo zina uzito wa gramu 28 hivi na fedha ya sehemu 833 kati ya 1000, lakini kilichoingia ndani ya furungu fulani hakuna anayekijua mpaka kipimwe. Lehemu iliyoziunganisha huyeyuka kabla ya fedha yenyewe, kwa hiyo anayeanza akiipasha moto hujikuta ameshika vipande. Zaidi ya hayo, furungu nyingi ni tupu ndani, na hewa iliyofungiwa humo ikipata joto huweza kuzipasua kwa kishindo. Hata ukifaulu, pete tatu nyeupe hazitakuwa na mkono wa yule aliyezichora furungu hizo, na mkono huo ndio uliomfanya bibi azichague.

Weusi uliomo ndani ya michoro uache pia. Wengi huutoa kwa maji ya moto, magadi na karatasi ya alumini, na njia hiyo inafanya kazi, ila inatoa kivuli chote na michoro inabaki imepauka. Kitambaa laini kikavu kinatosha kwa sehemu zilizoinuka.

Kwa wajukuu, weka karatasi nyembamba juu ya mchoro na upake penseli kwa ubavu hadi nakshi itokeze. Ihamishie kwenye bamba la shaba nyekundu, uchore kwa ncha ya chuma, urudie mpaka mkono uzoee, ndipo ukate pete au vidani vitatu vya fedha ya 925 vyenye nakshi ya bibi. Furungu zenyewe kila mjukuu atazivaa kwa zamu siku yake ya harusi.

Kipini cha bawaba unaweza kukitengeneza mwenyewe. Toa mabaki ya kile cha zamani kwa kuyasukuma na sindano nene, wala usitoboe tundu upya. Tafuta waya wa fedha unaopita kwa kubana kidogo, uukate ukiacha nusu milimita kila upande, na kabla ya kupiga vichwa vyake ingiza kipande cha karatasi ya kawaida katikati ya majani mawili ya bawaba. Piga vichwa kwa nyundo ndogo, taratibu, kwa kuzunguka. Ukimaliza, ivute karatasi au uilowanishe itoke, nayo itakuwa imeacha nafasi inayotosha bawaba kufunguka na kufunga bila kulegea.